Torhild wa Rula na Mwaka wa Sili

Langbukt, kijiji cha wavuvi kwenye pwani ya kaskazini ya mbali, palikuwa na akina Torhild wawili, Torhild wa Duka na Torhild wa Rula. Wa Duka aliuza kahawa, sukari, sufu ya kufumia na mabuti ya mpira, na watu walimpenda kwa sababu hakuwa na tabia ya kubeba maneno. Wa Rula, ambaye ndiye mwenye habari hizi, kazi yake ilikuwa kupima samaki. Alisimama gatini kwenye kibanda cha mbao kando ya kiwanda, akachukua chewa kutoka kwenye makasha ya wavuvi, akamlaza juu ya ubao wenye alama za sentimita na kusoma urefu wake. Kisha akampasua kichwa kwa pigo moja la kisu, akachomoa kwa kibano vijiwe viwili vidogo vinavyokaa ndani ya sikio la samaki. Vijiwe hivyo vina pete ndani yake, pete moja kwa kila mwaka. Huko kusini, kwenye taasisi ya uchunguzi wa bahari, kulikuwa na watu wenye hadubini waliozihesabu wakajua samaki aliishi miaka mingapi. Mwisho alipasua tumbo kutazama samaki alikula nini.

Kazi hiyo aliipata akiwa na miaka kumi na tisa. Meli ya utafiti ilikimbia dhoruba ikaingia Langbukt, na wakati wakingoja upepo utulie, wale wataalamu wakatafuta mtu wa kuwapimia samaki wao wakishaondoka. Torhild alikuwa mpasuaji kiwandani, mwenye mkono mwepesi. Baba yake, Aksel, alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa samaki ameshakufa, unampima umri ili iweje? Umwandalie keki?"

Lakini alimwachia aende, na jina la Rula likamganda tangu siku hiyo.

Wavuvi walimtania kila asubuhi. Aliyezidi wote alikuwa Ansgar, mzee mwenye masharubu ya manjano kwa tumbaku, mwenye mashua kubwa kuliko wengine.

"Torhild, hebu nipime na mimi uniambie nimebakiza miaka mingapi."

"Hicho kichwa chako, Ansgar, kitanivunjia kisu."

Hakuolewa. Watu walisema ni kwa sababu ya harufu, naye alicheka pamoja nao. Ukweli ni kwamba Aksel alipofariki, mama yake, Klara, alibaki peke yake katika ile nyumba ya njano juu ya ghuba, na wa kukaa naye alikuwa Torhild. Ndugu yake mmoja tu, Steinar, mdogo wake, alikuwa ameshaondoka kwenda Kirkenes kwenye mgodi wa chuma. Huko akaoa msichana wa kusini, Unni, wakapata binti.

Kiangazi cha mwaka themanini na sita, Torhild alianza kuona mambo asiyoyapenda juu ya ubao wake. Chewa walikuwa wengi, makasha yalijaa, lakini walikuwa wamekonda, kichwa kikubwa na mwili kama soksi iliyovuliwa. Ini, ambalo siku zote huwa nene na jeupe, likichemshwa na samaki linamtosha mtu chakula cha jioni, lilikuwa limenyauka na kuwa jekundu la kukolea. Na ndani ya matumbo alikuwa akikuta watoto wa chewa. Samaki alikuwa anakula wanawe.

Kilichokosekana ni lodde. Huyu ni samaki mdogo kama dagaa, mwembamba, mwenye mgongo wa kijani, na katika bahari ile kila kiumbe kinamla. Chewa anamla, ndege wanamla, nyangumi na sili, wale wanyama wa baharini wenye manyoya, wanamla. Kila mwisho wa kipupwe alikuwa akija pwani kwa makundi yanayobadilisha rangi ya maji, na meli kubwa zilimvua kwa maelfu ya tani ili asagwe kuwa unga wa kulishia mifugo.

Torhild alipiga simu taasisi akamtaka Gjert, mtaalamu aliyekuwa akipokea vipimo vyake.

"Gjert, hawa wanakula watoto wao."

"Wangapi?"

"Karibu wote niliowapasua wiki hii. Lodde simwoni hata mmoja."

"Na sisi hatumwoni," akasema. "Meli bado inazunguka mpaka kwenye barafu, mashine inasikiliza, haisikii kitu. Miaka miwili iliyopita karatasi yake ilikuwa inajaa wino mpaka haisomeki."

"Amehamia wapi?"

"Hajahamia, Torhild. Amekwisha. Amevuliwa kupita kiasi, na wadogo wakaliwa na samaki wa heringi. Na sisi ndio tuliosema anatosha."

"Watu wa hapa niwaambie nini?"

"Usiseme kitu kwanza. Tutakutana na Warusi, tunaovua nao bahari hii, tupange viwango vya kuvua. Ukianza kusema sasa utakuwa mtafaruku mtupu."

Basi akanyamaza. Na kunyamaza hakukumtaabisha sana mpaka Jumapili moja Steinar alipopiga simu kutoka Kirkenes.

Klara alikuwa ameanza kusahau. Siku hiyo alikuwa ameketi mezani na makoti mawili, moja juu ya jingine, vikombe vitatu mbele yake. Birika la kahawa alilibandika motoni bila maji, na jiko lilikuwa bado linanuka chuma kilichoungua.

"Nimechoka na shimo," Steinar alisema. "Nikipiga chafya inatoka nyekundu. Mashua ya baba imelala tu pale juu ya vigogo, na Unni hana neno, yuko tayari. Wewe ndiye unayewaona samaki kila siku. Niambie, wapo?"

Torhild alimtazama mama yake. Klara alikuwa anatazama dirishani, anamngoja Aksel apande kutoka gatini.

"Wapo," alisema.

"Wengi?"

"Wengi. Makasha yanajaa."

Hakuwa amesema uongo. Aliweka simu chini, akaenda kumvua mama yake koti la juu. Alipokuwa akilitundika alijisikia amepoa moyo, kama mtu aliyeambiwa kwamba mzigo wake utabebwa na wawili. Hiyo ndiyo furaha aliyokuja kuichukia baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Walirudi Septemba, wakapanga nyumba ndogo karibu na ile ya njano. Steinar aliipaka mashua rangi ya buluu, akaiandika upya jina lake, *Klara*, akanunua nyavu mpya kwa kila alichoweka akiba mgodini. Unni alipata kazi ya nusu siku kiwandani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye kucheka kwa pua, na Klara alimpenda ingawa kila asubuhi alimwuliza yeye ni binti wa nani. Jioni walikula pamoja, chewa wa kuchemsha na viazi, na nyumba ikawa na kelele ambayo Torhild alikuwa ameisahau.

"Mbona wamekonda hivi?" Steinar aliuliza siku moja, akimgeuza samaki sahanini kwa uma. "Kiwandani wananipa bei ya taka."

"Mwaka mbaya," Torhild alisema. "Watanenepa lodde akija."

Alijua hatakuja. Alisimama akaenda kuongeza viazi ambavyo hakuna aliyeviomba.

Januari, katika zile wiki ambazo jua halichomozi kabisa na mchana ni mwanga wa kijivu wa saa chache, wakaja sili.

Sili alikuwa anajulikana Langbukt. Kila mwaka walionekana wachache, vichwa vya mviringo juu ya maji, macho meusi kama ya mtu aliyetoka kulia. Mwaka huo walishuka kutoka kwenye barafu ya mashariki kwa makundi yasiyo na mwisho, wakitafuta lodde, wakamkosa, wakaendelea kushuka pwani yote wakila kilichopatikana. Asubuhi ya kwanza ghuba ilijaa vichwa. Watu walitoka nje na vikombe vya kahawa mkononi wakasimama kutazama.

Chewa alikimbia kwenda kwenye kina. Nyavu zilizotegwa kwa ajili yake zilipanda na sili walionyongeka, mmoja baada ya mwingine, wazito kama magunia ya mawe, na palipokuwa na wavu palibaki matambara. Kwenye mawe ya ufuko yalikuja pia maiti za ndege wa baharini, mifupa na manyoya tu, wepesi mkononi kama karatasi. Steinar alitoka na mashua kila hali ya hewa iliporuhusu, na kila siku alirudi na sili. Kufikia mwisho wa mwezi hakuwa na wavu mzima hata mmoja.

Gatini sili walilazwa kwa safu, theluji ikawafunika. Ansgar alipita akawatazama.

"Sasa hawa ndio wa kupima, Torhild. Agiza rula ndefu."

Safari hiyo Ansgar mwenyewe hakucheka.

Taasisi ikataka kujua hao sili ni wa umri gani na wanakula nini. Torhild aliagizwa akate taya, maana umri wa sili unasomwa kwenye jino, na atoe matumbo, na akaruhusiwa kuajiri msaidizi mmoja. Alimfuata Steinar kwenye banda la nyavu, akamkuta ameketi juu ya kreti na nyavu zilizochanika magotini, hazishoni.

"Kuna kazi kwangu," alimwambia. "Si nzuri."

Steinar alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo nimeacha mgodi nije kung'oa meno," alisema, na akacheka kidogo. "Haya. Nipe kisu."

Walifanya kazi katika banda la zamani la chumvi, taa mbili zinaning'inia, mlango wazi kwa sababu ya uvundo, baridi inaingia. Siku ya kwanza Torhild alimpa glavu nene za mpira.

"Usizivue. Unamkumbuka babu Mikkel?"

"Aliyekuwa hana kidole?"

"Ulikuwa ugonjwa, wanauita kidole cha sili. Alijikata kidogo tu akichuna huko barafuni. Kinavimba mpaka mfupa unaoza ndani. Ukijikwaruza hata kama ni alama ya ukucha, niambie, twende kwa daktari siku hiyo hiyo. Kuna dawa siku hizi, lakini ni ya kuwahi."

"Ndiyo, mama mkubwa," Steinar alisema.

Yeye alikata taya, dada akapasua tumbo. Mengi yalikuwa matupu. Katika mengine mlikuwa na mawe, au kamba wachache, au chewa mdogo. Mafuta yaliyopaswa kuwa mazito chini ya ngozi yalikuwa kama kitambaa. Walizungumza juu ya baba yao, juu ya mwalimu wa zamani aliyelala darasani, juu ya Klara ambaye asubuhi ile alikuwa amemwita Steinar kwa jina la mjomba wake. Uvundo na damu vilikuwepo, hata hivyo zilikuwa siku nzuri, na Torhild alijiambia kwamba siku moja, mambo yakitulia, atamweleza.

Hakuipata hiyo siku. Februari Gjert alikuja mwenyewe kuzungumza na wavuvi, katika ukumbi wa kijiji. Alikuwa mtu mrefu aliyeinama mabegani, asiyejua mikono yake aiweke wapi. Wanawake walikuwa wameoka mikate ya maziwa. Unni alikuwa anamimina kahawa. Gjert alionyesha michoro yake ukutani na hakuficha kitu. Alisema lodde amekwisha, kwamba wataalamu walikadiria vibaya, kwamba sili wanaweza kurudi mwaka unaofuata pia.

Ansgar akasimama. "Mlijua lini?"

"Kwa hakika, tangu meli ilipomaliza kuzunguka, vuli," Gjert alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, na kwa kuwa alitaka watu hawa waone kwamba mmoja wao ameheshimiwa, akaongeza: "Lakini wa kwanza kuona alikuwa Torhild wenu. Tangu kiangazi alikuwa ananipigia simu kuniambia chewa wanakula watoto wao, lodde hayupo. Tungekuwa na macho kama yake kila bandari, tungejua mapema."

Hakuna aliyepiga makofi. Viti viligeuka kidogo, na Torhild aliona uso wa kila mtu aliyemfahamu tangu utoto. Steinar hakugeuka. Alikuwa ameketi safu ya pili, na Torhild aliona shingo yake tu, jinsi ilivyogeuka nyekundu polepole kuanzia kwenye kola. Kisha Steinar akasimama, akachukua kofia yake, akatoka.

Torhild alimfuata nje bila koti. Theluji laini ilikuwa inaanguka. Steinar alikuwa amesimama karibu na kigari chake cha kusukuma juu ya theluji, hajakishika.

"Tangu kiangazi," alisema.

"Steinar, nisikilize."

"Nilikuuliza neno moja. Nikiwa Kirkenes, nina kazi, nina nyumba ya mgodi. Nilikuuliza neno moja tu."

"Nilikwambia wapo. Walikuwepo."

"Ndiyo. Hivyo ndivyo ulivyosema."

"Mama alikuwa amebandika birika tupu. Nilikuwa nimechoka, Steinar. Nilikutaka nyumbani."

"Basi ungesema hivyo." Alivuta kofia masikioni. "Kesho nitakuja bandani kama kawaida, kwa sababu nina mtoto wa kulisha. Lakini usiniongeleshe. Kazi ya kukata haihitaji maneno."

Alikuja, na kila siku baadaye alikuja. Walisimama meza ile ile, mgongo kwa mgongo, taa zinatikisika kwa upepo, na hapakusikika kitu ila visu na bahari. Kijijini nako watu walipunguza salamu. Torhild wa Duka alimhudumia kwa adabu na kumtazama mikononi badala ya usoni. Wavuvi waliendelea kumpa samaki wachache waliowapata, kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyokuwa, lakini walimwekea makasha mlangoni wakaenda zao.

Glavu zilizojaa mafuta huteleza. Siku moja Steinar alizivua akazitupa mezani, akaendelea kukata kwa mikono mitupu. Torhild aliona. Alifungua mdomo, akakumbuka alivyoambiwa pale nje ya ukumbi, akaufunga. Alijiambia kwamba Steinar si mtoto, kwamba alishaonywa. Akamsogezea tu glavu karibu na kiwiko chake, na Steinar akazisukuma pembeni kwa upande wa kisu.

Baada ya siku chache alimwona amezivaa tena. Alizivaa asubuhi kabla ya kuingia bandani na hakuzivua hata wakati wa kunywa kahawa. Torhild alifurahi. Alidhani akili imemrudia, pengine hasira nayo inaanza kupoa.

Jioni moja, upepo ukiwa umeanza kuvuma vibaya kutoka kaskazini, Unni alikuja mlangoni mwa nyumba ya njano. Hakuingia.

"Njoo umwone," alisema. "Amenikataza nisikuambie. Njoo tu."

Steinar alikuwa ameketi jikoni kwake, mkono wa kulia ndani ya ndoo ya theluji. Alipoutoa, kidole cha shahada kilikuwa kimevimba mara mbili ya kawaida, ngozi imevutika inang'aa, na wekundu ulikuwa umepita kwenye kiganja na kufika kifundoni. Alikuwa anatetemeka. Hakuwa amelala tangu wiki iliyopita, Unni alisema, anatembea tu usiku kucha anaushika.

"Kwa nini hukuniambia?" Torhild alimwuliza.

"Tulikuwa hatuongei," Steinar alisema.

Barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa na theluji na mashine ya kuzoa isingepanda mpaka upepo upungue. Walipiga simu kwa mashua ya wagonjwa, wakaambiwa haiwezi kuingia ghuba kwa mawimbi yale. Daktari kwenye simu alisema wamtulize, wampe vidonge vya maumivu, wamlete mara njia itakapofunguka. Walingoja. Torhild alikaa naye kwenye kiti upande mmoja, Unni upande mwingine, na kila Steinar alipougulia Unni alimtazama Torhild, bila chuki, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Hatimaye alikuwa Ansgar aliyekuja, hajaitwa, amevaa koti lake la mpira.

"Upepo umegeuka kidogo," alisema. "Haitakuwa safari ya kanisani, lakini nitafika. Mvalisheni."

Walipofika hospitali, mawimbi yalikuwa yamevunja kioo cha chumba cha usukani cha Ansgar na Steinar hakuwa anajua yuko wapi. Madaktari waliokoa mkono. Kidole cha shahada na cha kati walivikata, na kifundo kikabaki kigumu kama bawaba iliyoshika kutu. Mkono wa namna hiyo haushiki kamba ya wavu, na mgodini walimwambia hawana kazi ya mtu wa mkono mmoja.

Waliondoka Langbukt kiangazi kilichofuata, wakaenda kusini kwa kina Unni, karibu na mpaka wa Sweden, ambako alipata kazi ya utunzaji wa shule, kufungua milango na kupiga deki. Siku ya kuondoka alimbusu mama yake. Kwa dada yake alitikisa kichwa tu, kwa mbali, kama unavyomtikisia jirani. Mashua hakuna aliyeitaka. Mwaka wa pili wa sili iliharibika pale pale juu ya vigogo, na baadaye vijana waliipasua iwe kuni za moto wa sikukuu ya kiangazi.

Wengine waliwafuata. Familia moja kabla ya Krismasi, mbili baada ya Pasaka. Shule ikafungwa kwa kukosa watoto, kisha duka, na Torhild wa Duka akahamia kwa binti yake Tromsø. Kiwanda kilipunguza watu mpaka wakabaki wa kuhesabu kwa mkono mmoja. Torhild wa Rula aliendelea kwenda kwenye kibanda chake. Kulikuwa na siku aliyopima chewa watatu, na siku aliyokaa tu na ubao mkavu.

Nyumbani, Klara alikuwa amesahau karibu kila kitu isipokuwa mtoto wake wa kiume.

"Steinar amerudi?" aliuliza kila jioni, giza likiingia.

Mwanzoni Torhild alimweleza kwamba amehamia kusini, ana kazi shuleni, ni mzima. Klara alisikiliza kwa makini, akalia, kisha baada ya nusu saa akauliza tena na kulia upya. Mwishowe Torhild akawa anajibu, "Bado yuko baharini, mama. Hali ya hewa ni nzuri." Na Klara aliridhika, akaweka kikombe kimoja zaidi mezani. Kwa miaka minne Torhild alikunywa kikombe chake na cha Steinar, maana kumwaga kulimfanya mama yake aulize.

Katika miaka hiyo lodde alirudi. Gjert alipiga simu mwenyewe, sauti imemchangamka.

"Karatasi imejaa wino tena. Umewaona matumboni?"

"Nimewaona," Torhild alisema. "Chewa wana maini meupe."

"Watu wa huko lazima wamefurahi."

Torhild alichungulia dirishani. Gatini palikuwa na mashua ya Ansgar peke yake. "Ndiyo," alisema, "aliyepo amefurahi."

Klara alifariki mwezi wa Novemba, katika usingizi. Steinar alikuja peke yake kumzika. Alikuwa amenenepa, amevaa miwani, na mkono wa kulia aliuweka ndani ya mfuko wa koti hata kanisani. Baada ya mazishi walikaa jikoni, wawili tu, na kahawa na keki walizoleta majirani waliosalia. Hawakuwa wamekaa hivyo tangu bandani.

Walizungumza juu ya nyumba, juu ya binti yake aliyeanza kujifunza fidla, juu ya mgodi uliokuwa nao umeanza kupunguza watu. Hapo ndipo Torhild alipouliza alichokuwa anataka kuuliza miaka yote.

"Mgodi nao unakwisha, Steinar. Kama ningekwambia ukweli siku ile. Ungekuja hata hivyo?"

Alitaka aseme ndiyo. Alijua anataka hivyo, na aliona kwamba Steinar naye ameliona hilo usoni mwake.

Steinar alikoroga kahawa kwa mkono wa kushoto kwa muda mrefu. "Sijui," alisema. "Mama alikuwa mgonjwa. Pengine ningekuja. Pengine ningemchukua mama tukaishi wote Kirkenes. Nimelifikiri sana." Akaweka kijiko chini. "Lakini sitaweza kukwambia, Torhild. Hukuniachia nafasi ya kujua."

Hakusema kwa ukali. Alikula keki yake akaimaliza, akaosha sahani kwa mkono mmoja kama aliyeshazoea, na asubuhi akapanda basi. Tangu hapo alikuwa akipiga simu kila Krismasi. Waliulizana hali ya hewa, wakatakiana heri, simu ikakatika mapema.

Kibanda cha gatini kilifungwa Torhild alipofikisha umri wa kupumzika. Taasisi haikumtafuta mwingine, kwa sababu hapakuwa na samaki wa kutosha kuletwa pale. Bado anaishi katika nyumba ya njano. Magoti yamemchoka, macho ni mazima. Mara moja moja hutokea mtu wa nje anayefikiria kununua nyumba tupu ya huko na kuanza uvuvi, na kila anayefika huelekezwa kwake. Mwaka juzi alikuja kijana mmoja wa Bodø na mkewe, wakakaa jikoni pale pale, na kijana akauliza kama samaki wapo.

Torhild akaanza kumweleza. Alimweleza idadi yao na unene wao, na ini lina rangi gani mwaka huu, na matumboni mna nini, na lodde alionekana wapi vuli na wapi hakuonekana, na sili, na kidole cha sili, na barabara ya mlimani inafungwa lini, na daktari yuko umbali gani. Aliendelea mpaka kahawa ikapoa. Mke alikuwa ameshavaa koti. Kijana alitazama saa yake mara mbili, akasema asante, wamesikia mengi, watafikiri.

"Kaeni kidogo," Torhild alisema. "Sijawaambia bado habari za kaa wa ghubani."

Lakini walikuwa wameshasimama, wanatafuta viatu vyao mlangoni.